Kuufuata Uhai: Utangulizi wa Elimu ya Bayoanuwai kwa Wasomaji wa Migori na Homa Bay

Masika yanapokolea, Mto Kuja, ambao Wakisii wa huko juu huuita Gucha, hushuka ukiwa mwekundu kwa udongo, hupita Nyatike na kuingia Ziwa Viktoria. Maji hayo ndiyo anayoyangojea ningu, samaki ambaye wataalamu wamempa jina la Labeo victorianus. Huliacha ziwa akiwa na mayai tumboni, hupanda mkondo, hutafuta nyasi zilizofunikwa na mafuriko kandokando ya mto, hutaga humo, kisha hurudi. Vifaranga huanza maisha mtoni na kulifuata ziwa baadaye. Wavuvi wa Kijaluo waliujua mwendo huo kiasi cha kuujengea kek, uzio wa fito unaokatiza mto ukiwa na migono ya kusukwa. Katikati ya karne iliyopita nyavu za kutega zilizidi kutandazwa mlangoni mwa mito, na majike wakanaswa kabla hawajataga. Kufikia miaka ya 1960 uvuvi wa ningu ulikuwa umeporomoka, na leo yumo katika orodha ya viumbe walio hatarini mno kutoweka duniani.

Sasa jiulize, msomaji wangu, ningu ni wa nani? Akiwa ziwani yuko chini ya sheria ya uvuvi. Akiingia mtoni, maji anamoogelea yana mamlaka nyingine. Nyasi anamotaga ni shamba la mtu, na tope linaloyafunika mayai yake limetoka kwenye miteremko iliyolimwa katika kaunti nyingine kabisa, ambako pengine hakuna aliyewahi kumla. Kila ofisi ina kipande cha maisha yake, na hakuna iliyokabidhiwa maisha yake yote. Kwa maoni yangu hapo ndipo lilipo tatizo kubwa la uhifadhi katika kaunti hizi mbili, na ndiyo njia nitakayokupitisha katika elimu hii: tutaanza na mwendo wa kiumbe, kisha tutazame sheria na mipaka inaukatia wapi.

Karibu, basi. Usidhani unaingia katika elimu ya wageni wenye darubini na magari ya juu. Ukikulia Karungu au Kendu Bay tayari unaujua nusu ya msamiati wake: unajua omena hupanda juu usiku usio na mbalamwezi, unajua kamongo huvumilia matope ambamo samaki wengine hufa, unajua mafunjo yakifyekwa ufuo hubadilika. Kinachoongezwa na elimu hii ni nidhamu ya kuhesabu, kulinganisha mwaka na mwaka, na kuuliza kwa nini. Tunaposema bayoanuwai tunataja mambo matatu yaliyofungamana: wingi wa aina za viumbe, tofauti za urithi ndani ya kila aina, na mifumo ya ikolojia ambamo viumbe hao hulana, huchavushana na kuoza pamoja. Wanasiasa hupenda lile la kwanza kwa sababu linahesabika haraka. Mara nyingi hasara huanzia katika yale mawili mengine.

Mabadiliko si mageni hapa. Visukuku vya Kisiwa cha Rusinga, ambako Mary Leakey alipata fuvu la Proconsul mwaka 1948, vinatuonyesha mazingira ya miaka milioni 18 hivi iliyopita, ukiwemo msitu mnene mahali ambapo leo ni mawe na vichaka. Katika Rasi ya Homa, eneo la Nyayanga, watafiti walitangaza mwaka 2023 zana za mawe zenye umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3, pamoja na mifupa ya viboko yenye alama za kuchinjwa. Viumbe wamekuja na kuondoka katika fuo hizi tangu zamani hizo. Kilicho kipya ni kasi, na kwamba kasi hiyo ina wahusika, tarehe na karatasi zilizotiwa saini.

Mfano mkubwa kuliko yote uko ziwani. Mwanabiolojia Mwingereza Michael Graham alilifanyia ziwa hili utafiti wa uvuvi mwaka 1927 na 1928. Alikuta ngege wakipungua kwa sababu ya nyavu za kutega, zilizoletwa mwanzoni mwa karne hiyo, na akapendekeza macho ya nyavu yasiwe chini ya inchi 5. Pendekezo likawa sheria mwaka 1933, na baada ya miongo michache sheria hiyo ikaachwa. Alionya pia kwamba kuleta samaki mkubwa mla-samaki kutoka kwingine kungekuwa hatari sana. Hata hivyo, tangu miaka ya 1950 sangara, ambaye Waluo humwita mbuta, alitiwa ziwani, kwanza upande wa Uganda. Mwanaikolojia Geoffrey Fryer alipinga kwa maandishi mwaka 1960 na hakusikilizwa. Kwa miaka ishirini hivi hakuna kilichoonekana kutokea. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sangara wakafumka, na furu wakatoweka nyavuni.

Furu, au fulu kama wanavyoitwa fuoni, ni samaki wadogo ambao wengi wetu tuliwaona kuwa wa watoto na paka. Ziwa lilikuwa na zaidi ya aina 500 za furu: wala-mwani, wavunja-konokono, wala-mayai ya wenzao, wakwangua-miamba. Jambo linalowashangaza wanasayansi wa dunia nzima ni kwamba ziwa hili lilikauka miaka elfu 15 hivi iliyopita, kwa hiyo utajiri huo ulichanua kwa muda mfupi mno kwa kipimo cha historia ya uhai. Takriban aina 200 zinadhaniwa kupotea ndani ya muda wa kizazi kimoja cha binadamu.

Ukiishia hapo utadhani mkosaji ni sangara peke yake. Ndiyo maana nakusihi usome utafiti uliochapishwa mwaka 1997 na Ole Seehausen na wenzake. Majike ya furu huwachagua madume kwa rangi: wa buluu na wa buluu, wekundu na wekundu. Maji yakijaa tope na mwani kutokana na mbolea, maji taka na mmomonyoko, mwanga hufifia, rangi hazionekani, na aina mbili zilizokuwa zikijitenga huanza kuzaana na kuwa moja. Hakuna aliyeliwa, hakuna aliyevuliwa, na bado aina imepotea. Kumlinda furu, kwa hiyo, ni pamoja na kumsaidia mkulima wa Rongo aweke makinga-maji shambani ili udongo usishuke. Sheria ya uvuvi peke yake haifiki huko.

Lazima pia niseme kwa haki kwamba sangara alileta fedha. Viwanda vya kuchakata minofu vilichipuka kando ya ziwa, barabara zikaboreshwa, watoto wakasomeshwa. Lakini nyama yake ina mafuta mengi na haikauki juani kama furu. Ilibidi ibanikwe au ikaangwe, na kuni hizo zilitoka vilimani. Na sangara wenyewe walipoanza kuvuliwa kupita kiasi, baadhi ya furu waliodhaniwa wameisha wakaanza kuonekana tena. Ngege wa asili ameponea katika maziwa madogo kama Kanyaboli huko Siaya, ambako sangara hakufika. Ziwa halijafa, na yeyote anayekufundisha kwamba limekufa anakunyima kazi.

Kuna kisa kimoja cha Homa Bay ambacho napenda kukifundisha mapema kwa sababu hakionekani kuwa cha mazingira hata kidogo. Katika miaka ya 1980 mlango wa maji kati ya Mbita na Kisiwa cha Rusinga ulizibwa kwa tuta la barabara. Watu wa Rusinga walihitaji barabara, na walikuwa na haki nayo. Lakini ghuba ya Winam huunganika na ziwa kuu kupitia milango michache, na mmoja ulipofungwa maji hayakupita tena hapo, uchafu ukakaa, na gugumaji lilipoingia mwanzoni mwa miaka ya 1990 likapata mahali tulivu pa kutanda. Fukusi wa Neochetina, wanaokula gugu hilo, waliachiliwa ghubani kuanzia 1997 na walisaidia sana kwa muda, ingawa gugu halikuisha. Katika muongo wa 2010 daraja lilijengwa, tuta likafunguliwa, na maji yakapita. Kati ya hatua zote zilizochukuliwa kuinusuru ghuba, mojawapo ya zile zinazoeleweka kwa urahisi zaidi ilikuwa kazi ya wahandisi wa barabara. Ukiandika orodha ya wadau wa uhifadhi na ukawasahau wahandisi, orodha yako ina pengo.

Tuondoke majini, twende Bonde la Lambwe, chini ya vilima vya Gwasi. Hapa kuna Mbuga ya Kitaifa ya Ruma, kilomita za mraba 120, iliyoanza mwaka 1966 kama hifadhi ya wanyama ya Lambwe na kupandishwa hadhi mwaka 1983. Mlinzi wa kwanza wa bonde hili alikuwa mbung'o. Malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe viliwazuia wafugaji na wakulima kulijaza, hata baada ya vichaka kufyekwa na watu kuletwa kukaa. Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeyatokomeza malale kama tatizo la afya ya umma. Nasherehekea ushindi huo bila kusita: hakuna swala anayestahili kulindwa kwa ugonjwa wa watoto wa watu. Ila sasa kazi aliyoifanya mbung'o bila kupangiwa lazima ifanywe na sera, tena kwa ridhaa ya wakazi wanaopakana na uzio.

Kinacholindwa hapo ni korongo, swala mkubwa mwenye uso wa weusi na weupe na pembe zilizopinda kwenda nyuma. Zamani walikuwepo pia Maasai Mara na vilima vya Ithanga. Baadhi ya wa Ithanga walihamishiwa Shimba Hills kule pwani na hawakudumu. Leo Kenya nzima imebaki na kundi la Ruma. Sensa ya kitaifa ya wanyamapori ya mwaka 2021 iliwahesabu 15.

Kaa na namba hiyo kidogo, maana sehemu kubwa ya nadharia ya elimu yetu imo ndani yake. Kundi la wanyama 15 laweza kufa hata kama hakuna jangili. Ndama wa mwaka mmoja wanaweza kuzaliwa wote madume kwa bahati tu. Moto mmoja wa kiangazi unaweza kuteketeza malisho ya wiki ambazo majike wananyonyesha. Ndugu wakizaana na ndugu, kasoro zilizojificha katika urithi hujitokeza, mimba huharibika, na kinga dhidi ya maradhi hudhoofu. Tena tofauti za urithi zikishapotea hazirudi kwa kuongeza idadi. Hurudi kwa kuleta damu ya nje. Je, waletwe korongo kutoka nchi nyingine, ambao pengine ni wa ukoo tofauti kidogo? Mimi ninaona waletwe, baada ya vipimo vya urithi, kwa sababu usafi wa ukoo unaokufa haumsaidii mtu. Wapo wenzangu ninaowaheshimu ambao hawakubali, na hoja zao utazisoma pia.

Ruma ina mgeni pia, mbayuwayu buluu. Huzaliana kusini mwa Afrika na pande za nyanda za juu za Tanzania, kisha baadhi yao huja kukaa katika nyasi za Lambwe kati ya Aprili na Septemba. Yeye na korongo wanahitaji kitu kimoja ambacho sera zetu hazikipi thamani yake: nyasi. Katiba ya 2010, kifungu cha 69, inaiagiza serikali kufikisha miti kwenye angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi, na Desemba 2022 serikali ilitangaza lengo la kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032. Vilima vya Gwasi, vilivyochanwa na makaa na kuni, vinaihitaji miti hiyo sana. Bonde la Lambwe halihitaji. Uwanda wa nyasi ni mfumo kamili wenye umri wake, na anayepanda mikaratusi juu yake kwa nia njema anauharibu. Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu miche hutolewa bure, picha hupigwa, na hakuna anayepigwa picha akiacha nyasi zilivyo.

Sheria zenyewe si haba. Maandishi ya Mkataba wa Bayoanuwai yalipitishwa hapa kwetu Nairobi tarehe 22 Mei 1992, na ndiyo maana siku hiyo huadhimishwa kila mwaka. Tuna sheria ya mazingira ya 1999 iliyoiunda NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, sheria ya wanyamapori ya 2013, na sheria za maji, misitu, madini na uvuvi zote za 2016. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Desemba 2022, mjini Montreal, mataifa yalikubaliana kulinda asilimia 30 ya nchi kavu na ya maji kufikia 2030. Sehemu kubwa ya Migori na Homa Bay ni mashamba ya familia yaliyogawanywa na kugawanywa tena; asilimia 30 hapa haitapatikana kwa kuchora mbuga mpya. Itapatikana, kama itapatikana, kwenye kingo za mito, vinamasi vya mafunjo, vilele vya vilima, na mahali ambapo heshima ya jadi imezuia shoka. Ukifika Thimlich Ohinga, boma la mawe la Migori lililoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2018, tazama kuta kwanza kama kila mgeni, halafu tazama miti iliyobaki kuzizunguka.

Kila sheria ya kulinda ina mtu anayeilipia, na mwanafunzi asiyemtafuta mtu huyo atashindwa kuelewa kwa nini inavunjwa. Uvuvi wa omena hufungwa kuanzia 1 Aprili hadi 31 Julai ili wazaliane. Kibiolojia hatua hiyo ina mantiki. Lakini omena hukaushwa na kuuzwa zaidi na wanawake, wengi wao wakitegemea mtaji wa siku kwa siku. Miezi hiyo minne wenye mashua wanaweza kutega samaki wengine. Mama wa kuanika omena hana cha kuanika. Vikundi vya usimamizi wa fuo, tunavyoviita BMU, vilibuniwa ili wavuvi wajitawale pamoja na serikali, na vinaposikiliza wanawake wa ufuo doria huwa rahisi zaidi. Wapo pia wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Nyatike, karibu na machimbo ya zamani ya Macalder, wanaotumia zebaki kuinasa dhahabu kisha kuichoma. Mvuke wake huingia mapafuni mwao kwanza. Inayobaki huenda na maji; bakteria wa matope huigeuza kuwa aina inayojikusanya mwilini, ikipanda kutoka wadudu hadi samaki wadogo hadi sangara hadi sahani ya mama mjamzito. Kuwakamata wachimbaji hakujawahi kuiondoa zebaki mahali popote ambapo hawakupewa njia nyingine ya kupata dhahabu yao.

Na yapo yasiyo na jibu lililo safi. Watu wa Nyatike hufurikiwa na Kuja, nyumba huanguka, mahindi huoza, na tangu zamani wanadai kingo imara. Mradi wa umwagiliaji wa Kuja ya chini unahitaji maji yanayotii mifereji. Nyasi zilizofurika, ambazo kwa mwenye nyumba ni msiba, ndizo chumba cha uzazi cha samaki wa mto. Nimewasikia wataalamu wakilimaliza jambo hili kwa neno moja, mizani, na siamini linatosha. Inabidi kuamua kwa ramani mkononi: ukingo upi ujengwe juu, bonde lipi liachwe lifurike, nani ahamishwe kwa fidia gani, na nani atakaa katika kikao cha kuamua.

Ukitaka kuanza kesho, huhitaji ruhusa ya mtu. Mradi mkubwa ukipangwa, sheria inadai tathmini ya athari kwa mazingira, NEMA huitangaza, na mwananchi ana muda wa kutoa maoni kwa maandishi kabla ya leseni. Omba ripoti hiyo uisome. Ruka muhtasari wa mbele, nenda kwenye kiambatisho chenye orodha ya viumbe, na utafute tarehe ambazo waliohesabu walikuwa uwandani. Ikiwa walikuja Lambwe mwezi Januari, orodha itasema kwa unyoofu kabisa kwamba hakuna mbayuwayu buluu, kwa kuwa mwezi huo yuko kusini. Andika barua, itaje tarehe hiyo, na uombe hesabu irudiwe Juni.